Bioanuwai: si wingi wa wanyama tu

Bioanuwai ni hali ya viumbe hai kutofautiana: mimea, wanyama, kuvu, hata vijidudu visivyoonekana kwa macho. Wengi huichanganya na wingi. Msitu uliopandwa mti wa aina moja kwa maelfu ya ekari una miti tele, lakini bioanuwai yake ni haba.

Mkataba wa Bioanuwai wa mwaka 1992 unautaja utofauti huo katika ngazi tatu: ndani ya spishi (yaani aina ya kiumbe, kama kiazi au tumbusi), baina ya spishi, na baina ya mifumo ya ikolojia, kama vile kinamasi, jangwa au miamba ya matumbawe.

Ngazi ya kwanza ndiyo husahaulika zaidi. Ireland, kabla ya mwaka 1845, maskini wengi walitegemea kiazi cha aina moja, Lumper. Kiazi hupandwa kwa kiazi, si kwa mbegu ya ua, kwa hiyo kila shina lilikuwa nakala ya jirani yake. Kilipoingia kimelea Phytophthora infestans, udhaifu wa shina moja ulikuwa udhaifu wa yote. Watu wapatao milioni moja walikufa, ingawa siasa za wakati ule nazo zilichangia. Viazi havikuwa vichache, vilifanana mno.

Baina ya spishi, mfano mzuri ni tumbusi wa India, ndege ambao hakuna aliyewahi kuwaona wazuri. Ng'ombe walitibiwa kwa diklofenaki, dawa ya maumivu. Tumbusi aliyekula mzoga wenye dawa hiyo aliharibika figo na kufa. Walipopukutika, mizoga ikabaki kwa mbwa wa mitaani, nao wakaongezeka. Serikali iliipiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo mwaka 2006.

Uhifadhi hufanyika papo hapo kiumbe anapoishi, au nje ya makazi yake: bustani za wanyama, hifadhi za mbegu kama ile ya Svalbard, visiwa vya Norway, iliyofunguliwa 2008. Hii ya pili ni akiba tu, kwa maoni yangu. Choroa wa Uarabuni, swala weupe wenye pembe ndefu, walitoweka porini mwaka 1972, wakazalishwa kwenye mazizi, wakarudishwa Oman 1982. Majangili wakarejea pia, eneo la hifadhi likapunguzwa sana, na mwaka 2007 UNESCO ikaiondoa hifadhi hiyo katika orodha ya Urithi wa Dunia.