Kaseti yako ya 9999999 in 1 haina bei, naomba usinipigie

Jumamosi saa mbili asubuhi simu inaita, namba siijui. "Broo mambo, nimeambiwa wewe ndo unanunua magemu ya zamani, mi nina kaseti ya kitambo, ile ya njano, imeandikwa 9999999 in 1, na nimeona mtandaoni Mario imeuzwa dola milioni moja na nusu, sasa mi sina tamaa, nipe hata milioni tano za kwetu tu." Hana tamaa!

Huyu ni wa nne mwezi huu. Kwa hiyo naandika mara moja, ukinipigia nakutumia linki nalala.

Hiyo Mario ni kweli. Julai 2021, mnadani Marekani, Super Mario 64 ilienda kwa dola 1,560,000. Ila ujue hiyo gemu iliuza nakala zaidi ya milioni 11 duniani, yaani kwenye mashine ya Nintendo 64 huwezi kukosa Mario 64, ziko kama uchafu. Kilicholipiwa pale ni nailoni ya kiwandani ambayo hakuna mtu aliyeichana tangu miaka ya tisini, na boksi lisilo na mkunjo, likapewa alama 9.8 A++ (9.8 kati ya 10 ni ya boksi, A++ ni ya nailoni). Toa nailoni, toa boksi, bakiza kaseti peke yake, unabaki na kitu cha bei ya raba za mtumba. Na hata ile bei yenyewe mpaka leo mimi sijaielewa, sijui kama ilikuwa bei au wazimu wa kipindi cha korona.

Sasa kaseti yako ya njano. Ile mashine tuliyokua nayo wengi, nje sura ya Mega Drive ya Sega, ndani Famicom feki (Famicom ni ile Nintendo ya zamani ya Kijapani), haikuwa ya Nintendo wala ya Sega. Hizo gemu milioni kumi unazozisema ukizihesabu hazifiki hamsini, zinajirudia tu majina yamebadilishwa. Ule mchezo wa vifaru tuliouita Tank ni Battle City ya Namco ya 1985, mtu kaiba kaigonga kwenye kaseti ya njano. Wapo watu wanakusanya hizo feki zenyewe, nawaheshimu sana, lakini hata wao swali la kwanza watakuuliza: boksi lipo?

Na hapo ndo tunafika. Ukianza kukusanya magemu yenye boksi, wewe hununui gemu, unanunua karatasi. Kaseti ni plastiki ngumu, iliangushwa, ikapulizwa na mate miaka kumi, bado inacheza. Boksi la gemu ya Super Nintendo au Nintendo 64 ni kadibodi nyepesi kama ya dawa ya meno, mtoto alilichana siku ya kwanza, mama akalitupa siku ya pili, ndo maana leo boksi tupu la gemu fulani linaweza kuwa ghali kuliko kaseti yake. Mega Drive walitumia kasha la plastiki, na ndo maana za Mega Drive zilizokamilika ni rahisi kuzipata na ni pazuri pa kuanzia. Uzee peke yake hauna bei jamani. Redio ya babu nayo ni ya zamani.

Mahali pengine pazuri pa kuanzia ni Japani. Kule vitu vilitunzwa, maduka ya mitumba yananunua na kuuza kila siku, na gemu ya Super Famicom (ndo Super Nintendo ya Kijapani) yenye boksi mara nyingi ni nusu ya bei ya mwenzake wa Marekani au chini ya hapo, japo maandishi ni ya Kijapani. Ukiona muuzaji kaandika "hako-setsu ari" maana yake boksi na kitabu vipo. Akiandika "janku", usije kulia kwangu, amekwambia ukweli kwamba hajaijaribu na hairudishwi. Za CD, kama PlayStation na Saturn za Kijapani, angalia ile karatasi nyembamba inayozunguka ubavu wa kasha, obi, watu waliitupa wakidhani ni ya dukani. Na bei angalia iliyouzwa, sio iliyoombwa. Kuomba hata mimi naomba.

Nije kwenye linalonikera kuliko yote: "imekamilika". Kila muuzaji anaandika imekamilika. Boksi lipo, kaseti ipo, basi kamaliza. Kitabu cha maelekezo kiko wapi? Ile karatasi ya onyo la afya je? Kale kadibodi ka ndani kanakoshika kaseti isichezecheze? Halafu hata vyote vikiwepo, ni vya nyumba moja? Chukua Super Nintendo ya Ulaya. Nyuma ya boksi kuna kodi, yaani namba ya utambulisho, inaanza na SNSP halafu herufi au tarakimu za gemu, halafu mwishoni UKV kwa Uingereza, NOE kwa Ujerumani, FAH kwa Ufaransa na Uholanzi. Kitabu nacho kina kodi yake. Mwaka juzi nilipokea kifurushi, boksi UKV, kitabu NOE, Kijerumani kitupu, muuzaji anasema "ndivyo ilivyokuja". Ndivyo ilivyokuja wapi? Hiyo mimi naiita ndoa ya mkeka: boksi kalikuta huku, kitabu kakikuta kule, kavifungisha usiku usiku ili apate mahari kubwa.

Ila nikiwa mkweli, na mimi ninazo ndoa za mkeka kabatini. Mbili nimefungisha mwenyewe, kodi zinalingana, hali inalingana, hakuna atakayejua. Siku nikiuza nitasema? Napenda kuamini nitasema. Kuna wanaosema haina shida kabisa, karatasi ni karatasi, na hoja yao siku hizi sina jibu zuri la kuipinga.

Feki sasa. Maboksi ya kuchapisha upya yamejaa, na usidanganywe na rangi kung'aa au harufu, harufu ya karatasi mtu anaitengeneza kwa wiki mbili stoo. Nunua lenzi ya fundi saa. Weka kwenye maandishi madogo meusi nyuma ya boksi, pale penye hakimiliki. Boksi halisi, wino mweusi umelala mzima, kingo za herufi zimekatika safi. La feki limepigwa skana kutoka kwenye boksi lingine kisha likachapishwa, kwa hiyo hata herufi nyeusi zimetengenezwa na vidoti, utaona ukungu wa bluu na wekundu pembeni ya herufi. Nililijua hilo baada ya kulipa hela ndefu kwa boksi moja zuri mno, nikakaa nalo miezi minane nawaonyesha watu. Miezi minane! Ukiwa na lenzi mkononi pitia pia mikunjo, boksi lililokunjwa kiwandani rangi yake hupasuka taratibu kwenye kona, la printa linamenyuka. Hiyo ya mikunjo hainipi uhakika kila mara, ya herufi ndo naiamini.

Kaseti yenyewe fungua, bisibisi ya Nintendo ni 3.8 mm, bodi ndani iwe na jina la Nintendo au la kampuni iliyotoa gemu. Betri ya kuhifadhi mchezo ikiwa imekufa badilisha, Super Nintendo nyingi ni CR2032, haishushi thamani, anayekwambia inashusha anataka punguzo.

Jambo moja haraka kwa watakaoagiza na mashine: adapta ya Famicom ni ya umeme wa volti 100. Ukutani kwetu ni 230. Mimi nilichomeka. Usichomeke. Tafuta transfoma ya kushusha, au adapta nyingine ya volti 10 ambayo katikati ya kichwa chake cha kuchomeka kwenye mashine ni hasi.

Kutunza kwa Dar ni vita. Joto na unyevu vinaleta ukungu, mende wanapenda gundi ya boksi, jua la dirishani linakula nyekundu kwanza mpaka Mario anakuwa wa bluu. Kava za plastiki chukua za PET (plastiki ya chupa za maji), zile laini za PVC zinazonuka achana nazo, zinatoa majimaji yanashikana na rangi. Vile vipakiti vya kunyonya unyevu vya kwenye viatu vipya usitupe, mimi majirani wananiletea. Na waambie watu wa nyumbani mapema. Mama alikuja kunitembelea Desemba, akaona vumbi kabatini, nikiwa kazini akapangusa maboksi kumi na moja kwa kitambaa kibichi na sabuni ya unga. Manne yalijikunja kama chapati. Nikamwambia ahsante mama, umefanya la maana.