Mwaka wa Masomo Marekani na Kalenda ya Kidato cha Tatu

Matangazo ya ufadhili wa kubadilishana wanafunzi yanapobandikwa shuleni hapa Dodoma, wazazi wanaokuja kwangu kutaka ushauri huuliza kwanza habari za viza, kisha baridi, kisha familia itakayompokea mtoto. Ni maswali ya haki. Hata hivyo, swali ninalotamani liulizwe kabla ya yote ni hili: mtoto akirudi, ataketi darasa gani?

Mwanafunzi wa sekondari anayekwenda Marekani kwa viza ya J-1, yaani viza ya programu za kubadilishana, hukaa muhula mmoja au mwaka mmoja wa masomo, husoma katika shule ya kawaida na huishi na familia mwenyeji. Mpango wa ufadhili wa kubadilishana wanafunzi wa Kennedy-Lugar, ulioanzishwa mwaka 2002 kwa fedha za serikali ya Marekani na ambao Tanzania imeshiriki, hufuata utaratibu huo. Mtoto harudi na cheti cha kuhitimu, bali rekodi ya maksi ya masomo aliyosoma, na rekodi hiyo haichukui nafasi ya mtihani wa taifa wa kidato cha nne. Mzazi akilielewa hili mapema, mengine yote hupangika.

Tazama kalenda zenyewe. Shule za Marekani hufunguliwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba na kufungwa mwishoni mwa Mei au Juni, ilhali zetu huanza Januari na muhula wa pili huanza Julai. Mwanafunzi akiondoka baada ya muhula wa kwanza wa kidato cha tatu, atarudi wenzake wakiwa katikati ya kidato cha nne, na mtihani wa Novemba ukiwa umebakiza miezi michache tu. Wazazi wengi humhimiza ajiunge nao ili asipoteze mwaka. Mimi nashauri kinyume, tena kwa msisitizo: arudi Julai katika muhula wa pili wa kidato cha tatu, pale pale alipoachia, pamoja na darasa lililokuwa nyuma yake. Atachelewa mwaka mmoja kamili, lakini hatakuwa na mada aliyoiruka, na alama zake za tathmini endelevu zitakuwa na mtiririko unaoeleweka.

Sababu ya msimamo huu iko kwenye masomo ya sayansi. Kwetu mwanafunzi husoma fizikia, kemia na biolojia sambamba. Katika shule nyingi za Marekani husoma sayansi moja kwa mwaka mzima. Kwa hiyo hata kijana mwenye bidii anaweza kurudi akiwa amepiga hatua kubwa katika kemia na hajagusa fizikia kabisa, na pengo la namna hiyo halizibwi kwa tuisheni ya likizo moja.

Makubaliano ya kurudi yafanywe na mkuu wa shule kwa maandishi, kabla ya safari, yakitaja darasa na muhula. Ahadi ya mdomo haitoshi, kwa kuwa wakuu wa shule huhamishwa. Anayesubiri kumaliza kidato cha nne ndipo aombe, naye apime mambo mawili: kidato cha tano huanza Julai, hivyo nafasi aliyopangiwa inaweza kupotea, na masharti ya viza huangalia umri, ambao kwa kawaida hauzidi miaka 18 na miezi 6 programu inapoanza.

Jambo jingine lisiloweza kusubiri ni kadi ya kliniki. Shule za Marekani hudai uthibitisho wa chanjo, na kadi zetu huonyesha surua, au surua na rubela, bila matumbwitumbwi, ambayo kule huchanjwa pamoja nazo. Mama mmoja wa Kizota aliniletea kadi ya binti yake ikiwa ndani ya mfuko wa nailoni, wino umefifia lakini tarehe zote zinasomeka; kadi hiyo ilituokolea wiki nzima ya kufuatilia. Pia kipimo cha kifua kikuu kinachofanywa kwenye ngozi huweza kuvimba hata kwa asiye mgonjwa, kwa sababu ya chanjo ya BCG ya kukinga kifua kikuu tuliyochanjwa utotoni. Mtoto aambiwe mapema asiogope: ataombwa kipimo cha damu au picha ya kifua.

Pasipoti ya mtoto huhitaji ridhaa ya mzazi au mlezi, na usaili wa viza hufanyika ubalozini Dar es Salaam, safari ambayo treni ya SGR imeifanya nyepesi.

Wapo wanaotumaini kwamba kijana ataunganisha moja kwa moja na maisha ya huko. Aliyekwenda kwa fedha za serikali ya Marekani hutakiwa kuishi nchini kwake jumla ya miaka miwili kabla ya kupewa viza ya kazi ya aina ya H au ukaazi wa kudumu, ingawa sharti hilo halimzuii kuomba viza ya masomo. Kwa anayerudi kidato cha tatu na kuendelea hadi cha sita, miaka hiyo miwili hutimia akiwa bado shuleni.