Ufuatiliaji baada ya usaili wa kazi hospitalini: maana yake

Ufuatiliaji ni mawasiliano mafupi ambayo msailiwa huyafanya na mwajiri kabla majibu hayajatoka. Shabaha ni kuonyesha kwamba nafasi bado unaihitaji na kukamilisha nyaraka ambazo jopo halikuziona. Kuomba huruma hakumo.

Kwanza tazama uliomba wapi. Nafasi za serikali ya Tanzania zinazopitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hazina mtu wa kumwandikia ujumbe wa shukrani. Huko kufuatilia ni kufungua akaunti yako ya Ajira Portal, mfumo wa mtandaoni uliotumia kuomba, na kusoma matangazo ya kuitwa kazini. Jina likiwemo, angalia siku na mahali pa kuchukua barua, na uende na vyeti halisi kuanzia cha kidato cha nne. Lisipokuwemo, usikate tamaa mapema: waliofaulu wakakosa nafasi huwekwa kwenye kanzidata, na wanaweza kupangiwa kituo baadaye. Kwa hiyo usiitupe laini ya simu uliyojisajilia.

Hospitali binafsi na za mashirika ya dini ni jambo jingine. Ndani ya saa 24 mwandikie barua pepe afisa utumishi aliyekuita, sentensi 4 hadi 6 tu: nafasi uliyosailiwa, tarehe, shukrani, jambo moja mahususi mliloongelea, na nyaraka unazoambatisha.

Hapo kwenye nyaraka ndipo wengi huangukia. Muuguzi akiwa na leseni iliyokwisha muda, hospitali haiwezi kumpanga zamu, hata kama alipata alama za juu kuliko wote kwenye usaili. Ikiwa umeshaomba kuihuisha kwenye Baraza la Uuguzi na Ukunga, ambatisha risiti ya malipo, kisha tuma leseni yenyewe siku inapotoka. Waarifu pia wadhamini wako kwamba watapigiwa. Mdhamini asiyepokea simu huchelewesha faili zima.

Na kama ulikosea swali la kitaalamu? Kwa maoni yetu, lirekebishe, mara moja na kwa sentensi moja. Mkunga aliyetaja yuniti 5 za oksitosini ya kuzuia damu kutoka nyingi baada ya kujifungua anaweza kuandika kwamba kipimo sahihi ni yuniti 10 kwenye msuli, ndani ya dakika 1 mtoto akishazaliwa. Kwenye dawa, anayegundua kosa lake na kulisema ni mtu wa kuaminika wodini. Lakini usitolee mfano mgonjwa anayeweza kutambulika. Hiyo ni kuvunja siri ya mgonjwa.

Waliposema majibu yatatoka Ijumaa, subiri ipite, ongeza siku 3 za kazi, ndipo upige. Wasipotaja siku, wiki 1 inatosha. Piga mchana kwa ofisi ya utumishi. Asubuhi matroni yuko kwenye raundi, na si yeye anayetoa barua za ajira. Simu ya pili baada ya wiki nyingine, kisha basi.

Atakayekudai hela ili "asukume faili", usimpe. TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, hupokea taarifa bila malipo kwa namba 113.