Kura ya Posta Haiingii Sandukuni Hivi Hivi

Wengi huamini kwamba katika upigaji kura kwa posta nchini Marekani, mtu yeyote anaweza kuchapisha karatasi, akazituma, nazo zikahesabiwa. Sivyo. Katika jimbo la Oregon, linalopiga kura za urais kwa posta tangu mwaka 2000, kinachokaguliwa kwanza ni bahasha: mpiga kura huitia saini kwa nje, na saini hiyo hulinganishwa na ile iliyomo katika kumbukumbu za uandikishaji kabla bahasha haijafunguliwa. Ikitofautiana, mhusika huarifiwa ili athibitishe.

Udanganyifu upo, na kuukana ni kosa vilevile. Mwaka 2018, katika eneo la 9 la ubunge la North Carolina, watu waliolipwa walipita nyumba kwa nyumba wakikusanya kura za posta kinyume cha sheria. Lakini waligundulika, kwa sehemu kwa sababu bahasha zilidai saini za mashahidi wawili au ya mthibitishaji rasmi, na majina yaleyale ya mashahidi yalijirudia mno. Ijapokuwa mgombea aliyeongoza alitangulia kwa kura 905, matokeo hayakuidhinishwa, na Februari 2019 bodi ya uchaguzi iliamuru uchaguzi urudiwe.