Unakuja Uganda kumwona mtoto unayemfadhili? Soma kwanza kabla hujakata tiketi

Wageni wanaofika kwenye mradi wetu siku hizi si wazungu peke yao. Kuna Mkenya anayeishi Texas, kuna Mtanzania muuguzi aliyeko Uingereza, kuna Mkongomani wa Kanada. Walichukua picha ya mtoto kanisani kwao Jumapili moja, wakaanza kukatwa pesa kila mwezi, na sasa wako likizo Nairobi au Arusha, Uganda wanaiona iko hapo tu. Niseme ukweli: hawa ndio wanaonipa kazi kuliko Mmarekani ambaye hajawahi kukanyaga Afrika. Mmarekani huuliza kila kitu, hata kama maji ya kunawa yana shida. Ndugu yetu haulizi. Yeye ni mtu wa Afrika Mashariki, Kiswahili anacho, basi la Busia analijua tangu ujana, sasa aulize nini?

Mimi ni mfanyakazi wa jamii katika mradi wa ufadhili wa watoto ulio chini ya kanisa moja huku Busoga, mashariki mwa Uganda, na wageni wakija ndiye ninayekaa katikati kutafsiri. Ninayoandika hapa ni yale ambayo ningependa mgeni awe ameyajua kabla hajafika langoni.

Jua kwanza unafadhili nini, maana mashirika haya hayafanani. World Vision iliyoanzishwa na Bob Pierce mwaka 1950, na Compassion ya Everett Swanson ya mwaka 1952, zote mbili zilikua kutokana na yatima wa vita vya Korea. Korea Kusini yenyewe iliacha kupokea misaada ya Compassion mwaka 1993, na mwaka 2003 ikahamia upande wa wanaotoa, ndiyo maana usishangae ukimkuta Mkorea ameketi kwenye benchi la kanisa kijijini kwetu. Compassion hufanya kazi kupitia makanisa ya mahali: mtoto mmoja, mfadhili mmoja, na mradi uko pale pale kanisani. World Vision huunganisha pesa za wafadhili kwa ajili ya eneo zima, kwa hiyo ukienda kumwona mtoto wako utaonyeshwa pia kisima na zahanati. Usinung'unike kwamba pesa "yake" imechimbia wengine maji. Ndivyo mpango wao ulivyo. Watoto wanaolelewa na kanisa la Kampala liitwalo Watoto, kwa upande mwingine, wanaishi kwenye vijiji maalumu pamoja na mama walezi, utaratibu ulioanza mwaka 1994. Huko huendi kumtembelea mtoto kwa bibi yake, unakwenda kijiji kilichojengwa kwa kazi hiyo.

Kwetu sisi pesa haifiki mkononi mwa mzazi. Inageuka karo, sare, madaftari, dawa, na Jumamosi ya mradi: uji, mafundisho, kupimwa uzito na urefu, na kuandika barua. Kwa miaka mingi mfadhili wa Marekani alikuwa akitoa dola 38 kwa mwezi. Piga hesabu mwenyewe utaona nauli ya ndege moja inameza miaka kadhaa ya ufadhili, na kuna watu huniuliza kama si heri pesa hiyo itumwe tu. Sina ugomvi na swali hilo. Utafiti wa wachumi Wydick, Glewwe na Rutledge uliochapishwa mwaka 2013, uliochunguza watu zaidi ya 10,000 katika nchi sita, Uganda na Kenya zikiwemo, uliona kwamba kufadhiliwa kulimwongezea mtoto kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu wa masomo, na alipokua alikuwa na nafasi zaidi ya kupata kazi ya mshahara. Kilichopimwa pale ni ufadhili wenyewe, miaka ya kusomeshwa na kufuatiliwa. Ziara haikuwamo. Kwa hiyo mimi huipokea ziara kwa furaha, ila swali langu huwa moja: mgeni akishaondoka, ile miaka iliyobaki itaendelea vizuri au atakuwa ameivuruga?

Ombi la ziara hupitia ofisi ya shirika katika nchi unakoishi, miezi miwili mitatu kabla. Utaombwa cheti cha polisi cha tabia njema, utatia sahihi kanuni za kumlinda mtoto, na utalipia gari, mafuta na chakula cha siku hiyo. Mwenye kitambulisho cha Kenya anavuka Busia au Malaba bila pasipoti. Mtanzania hahitaji viza, ila pasipoti aje nayo. Kama umeshachukua uraia wa Marekani na pasipoti ya nyumbani umeiacha ikaisha muda, pale dirishani wewe ni Mmarekani: viza ya mtandaoni ni dola 50, au ile ya pamoja ya Kenya, Uganda na Rwanda, dola 100 kwa siku 90. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano usikisahau.

Kuna mmoja aliyeona huo wote ni mzunguko wa bure. Alisoma jina la kanisa kwenye picha aliyotumiwa, akateremka kwenye basi barabara kuu, akapanda boda boda na katoni ya soda mapajani, akaanza kuuliza njiani: fulani anakaa wapi, yule msichana wa kanisani? Huku kwetu, mwanamume asiyejulikana akiulizia msichana wa miaka kumi na moja, hatua ya kwanza ni kumwita mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Uganda ina sheria ya kuzuia biashara haramu ya binadamu tangu 2009, na wanakijiji wameshasikia mengi redioni. Bwana yule alikaa chini ya mwembe wa mwenyekiti mpaka jioni, akionyesha risiti za ufadhili kwenye simu kwa watu ambao hawakuwa na haja ya kuziona. Mtoto alimwona kwa mbali tu, na kesho yake shuleni ndiye aliyekuwa na kazi ya kueleza yule mtu ni nani yake.

Mwingine hufika na wazo la kumchukua mtoto akakae naye ng'ambo. Ufadhili haukupi haki yoyote ya ulezi. Tena tangu sheria ya watoto ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2016, raia wa kigeni anayetaka kuasili ni lazima akae Uganda na kumlea mtoto huyo kwa mwaka mzima kwanza. Wazo hilo usilitamke mbele ya mtoto hata kwa utani. Mimi silitafsiri.

Sasa siku yenyewe. Bibi wa mtoto, jaja kama tunavyosema huku, ameamka alfajiri. Sakafu imepigwa samadi mbichi jana na imekauka vizuri, ua umefagiwa mpaka michirizi ya ufagio inaonekana, viti vya plastiki vimeazimwa kanisani. Yeye amevaa gomesi, gauni refu la heshima la huku, ile ya harusi na mazishi. Kuku aliyekuwa akitaga amechinjwa, na utaletewa firigisi peke yake kwenye kisahani. Kula. Najua umeonywa kuhusu tumbo lako, najua pia unaona aibu kula kuku wa maskini. Lakini ukimrudishia firigisi yake umeikataa nyumba, na hakuna tafsiri yangu itakayolainisha jambo hilo. Wali au matoke unaweza kujipimia kidogo, firigisi imalize.

Kisha mtoto ataingia, na atapiga magoti. Hapa ndipo wageni wengi huharibu. Mmoja aliruka kutoka kitini, akamshika msichana mkono na kumwinua, "inuka mwanangu, mimi si mfalme," machozi yamemlenga. Alidhani anamheshimisha. Jaja akainamisha uso, kwa sababu alichoona ni mgeni aliyekataa salamu ya mjukuu wake, kana kwamba hakumlea. Msichana naye akabaki amesimama katikati ya chumba bila kujua mikono aiweke wapi. Huku Busoga, na Buganda pia, binti hupiga magoti akisalimia wakubwa. Ameanza kufundishwa kabla hajajua kuhesabu. Kaa kwenye kiti chako, mpokee kwa sauti ya upole, mjibu taratibu mpaka salamu iishe, naye atainuka mwenyewe. Ukisema "Kodheyo", salamu ya Kisoga, nyumba nzima itacheka na kazi yangu itakuwa imepungua nusu. Mtanzania asisubiri shikamoo, haitakuja, na asimwone mtoto kuwa hana adabu.

Atanyamaza pia. Atatazama chini, atajibu kwa neno moja. Mgeni hunigeukia: mbona hafurahi? Mtoto hajui kuongea na mtu mzima anayemkodolea macho mbele ya bibi yake, mchungaji na majirani wanaochungulia dirishani. Toka naye nje, nami nikiwa nawaona. Mwambie akuonyeshe mbuzi, mahali wanapoteka maji, daftari la hesabu. Piga naye mpira, hata ule wa makaratasi na kamba. Swali la "unataka kuwa nani ukikua" amelijibu kwenye barua mpaka limechakaa, daima ni daktari au rubani. Muulize nani ndani ya nyumba ana mbio zaidi, au ni mwalimu gani mkali. Utaona anavyoanza kuongea.

Kiswahili chako kitakusaidia kiasi. Karibu na Busia na Tororo watu wengi watakuelewa, na baraza la mawaziri la Uganda liliamua mwaka 2022 kwamba kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Watoto wadogo wanakipenda. Wazee ni habari nyingine: kwa wengi wao Kiswahili kilikuwa lugha ya askari kwenye kizuizi cha barabarani, hasa wakati wa Amin, na mzee akikisikia kikisemwa kwa sauti kubwa anaweza kujifunga kabisa. Anza na mimi, tutaona nyumba inapendelea nini.

Zawadi. Sanduku zima la nguo na vinyago kwa mtoto mmoja kwenye nyumba yenye watoto saba ni ugomvi uliofungwa kwa riboni. Mletee mtoto wako kitu kidogo cha mkononi, na kitu cha wote: mpira, sabuni, sukari, chumvi. Ukitaka kutoa kikubwa, pitisha ofisini kama zawadi ya familia. Hapo familia hukaa na sisi, inaamua yenyewe, na tunakwenda nao sokoni: mabati, mbuzi, au godoro, maana shule ya bweni haimpokei mtoto bila godoro. Usimpe jaja noti ukiaga, hata kama mkono unawasha. Wote wamekuona.

Na hili la kuonwa ndilo ambalo wageni hawalifikirii. Gari limeingia kijijini, limekaa saa tatu, limeondoka. Kesho yake mwenye duka anadai deni la mafuta ya taa alilokuwa amelinyamazia. Shemeji wa mbali anakuja kuomba nauli. Mwenye shamba la miwa lililo jirani anaambiwa "hao sasa wana mzungu wao," hata kama mzungu mwenyewe alikuwa Mluhya wa Kakamega. Nimeona familia ikiishi kwa shida zaidi baada ya ziara kuliko kabla, bila mgeni kufanya kosa lolote. Ndiyo maana sisi hupendelea mkutane kwanza mradini, pamoja na watoto wengine, kisha nyumbani kwa muda mfupi. Na kwa baadhi ya familia tunasema nyumbani hapana. Tukikuambia hivyo usidhani tunaficha kitu.

Picha piga baada ya kuomba, na ukiziweka mtandaoni usitaje jina la kijiji, la shule wala la kanisa. Namba ya simu usimpe mtoto, na ya kaka yake usichukue. Ukipata ujumbe wa mtu anayejiita mjomba wa mtoto, akisema mtoto amelazwa na inatakiwa pesa kwa simu haraka, utume ofisini kama ulivyo.

Usiseme "nitarudi mwakani." Watoto huhesabu. Sema utaandika, kisha andika kweli, kwa sababu kwa mtazamo wangu barua nne za mwaka zinamfaa mtoto kuliko ziara moja, na tuna watoto ambao Jumamosi ya kugawa barua hutoka mikono mitupu mwaka hadi mwaka. Baada ya ziara utakuwa na ya kuandika: mtaje jaja, mtaje mdogo wake aliyekukimbia, ulizia mbuzi. Na siku ukishindwa kuendelea na ufadhili, andika barua ya kuaga. Huwa tunaisoma na mtoto, na inamwondolea wazo kwamba ni yeye aliyekukosea.

Kuhusu tarehe: Novemba mwanzoni usiombe kama mtoto yuko Primary 7, ana mtihani wa taifa. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei, gari letu hukwama na utatembea. Likizo ya Desemba ndiyo nzuri, shule zimefungwa na mtoto yuko nyumbani, ila ombi liwe limefika mezani Septemba kwa sababu kila mtu wa ng'ambo huja wakati huo. Tarehe 24 na 25 mtuachie. Nasi tuna watoto wetu.