Ukimpa mtoto mkubwa pesa, sema ni pesa gani

Mzazi akilipwa pesa ya kustaafu hapa Nairobi, ama akiuza ploti, simu zinaanza kuingia, na si za watu wa nje, ni za watoto wake mwenyewe, watu wazima wenye kazi na familia zao. Mmoja anatafuta diposti ya ploti Kamulu, mwingine rent imemlemea huko Donholm, mwingine stoki imeisha dukani. Na mzazi anatoa, na mimi sioni ubaya, mtoto hakui kwa mzazi wake. Kazi yangu ni kufundisha wanachama wa sacco mambo ya pesa, na ugomvi unaofika kwetu mara nyingi si wa mzazi aliyenyima, ni wa mzazi aliyepeana bila kusema amepeana nini.

Hiyo pesa inaweza kuwa zawadi, yaani imeenda na hairudi. Inaweza kuwa mkopo. Ama ni fungu la urithi la huyo mtoto, umempa mapema ukiwa hai ujionee akijenga. Wewe moyoni unajua ni gani, lakini mtoto alisikia tu "chukua hii ikusaidie", na ndugu zake hawakusikia kitu.

Sasa sheria inaingia hapa, na wazazi wengi hawajui. Sheria ya Urithi ya Kenya, Cap 160, ile ilianza kutumika 1981, kifungu cha 42 kinasema mtu akifa bila wosia, mali aliyompa mtoto wake akiwa hai inahesabiwa wakati wa kugawa. Tuseme baba alikuwa mjane, ana watoto watatu, ameacha milioni 3 na hakuandika wosia, na kuna kijana mmoja alipewa laki 6 zamani. Ile laki 6 inarudishwa kwenye hesabu, inakuwa milioni 3.6, kila mtu milioni 1.2, huyo kijana anapokea laki 6 tu zilizobaki na wenzake kila mmoja milioni 1.2. Iko sawa kabisa kama baba alitaka hivyo. Lakini kama ile pesa ilikuwa asante kwa vile huyo kijana ndiye alimuuguza mama miaka yote, nani atasema? Baba hayupo. Na msichana aliyeolewa naye ako kwenye hiyo hesabu sawa na kaka zake, sheria haijatenganisha, hata kama nyumbani kuna wazee watanuna.

Wengi huniambia, si M-Pesa iko na rekodi? Rekodi iko, ndio, lakini angalia ile mesej vizuri. Inakuonyesha jina, kiasi, tarehe na saa, haikuambii kama ni zawadi ama deni. Halafu M-Pesa kwa mara moja haipitishi zaidi ya 250,000, na kwa siku mwisho ni 500,000, kwa hivyo laki 6 lazima uzikate vipande, leo 250,000 mara mbili, kesho 100,000. Miaka mitano baadaye ukitoa statementi inaonekana ni mzazi alikuwa akisaidia hapa na pale, na mtoto akisema "hiyo ilikuwa ya matumizi tu" utambishia na nini? Pesa kubwa pitishia benki, mara moja, jina kwa jina. Ikiwa kubwa sana benki wanaweza kukuuliza inaenda wapi na ya nini, usikasirike, wajibu tu.

Alafu andika karatasi. Si lazima iwe ya wakili, andika kwa Kiswahili chako: "Mimi fulani, kitambulisho nambari fulani, leo tarehe fulani nimempa mwanangu fulani KSh 600,000. Ni zawadi, si mkopo." Kama ni mkopo andika atarudisha lini na kiasi gani kila mwezi. Kama ni fungu lake la urithi, sema hivyo hivyo. Wewe saini, yeye asaini, mashahidi wawili. Ila kama unataka hiyo zawadi isihesabiwe kwenye urithi, karatasi peke yake usiitegemee, hapo andika wosia, mbele ya mashahidi wawili ambao si warithi wako.

Ushuru? Kenya hatuna ushuru wa zawadi ya pesa, na ule wa mali ya marehemu ulifutwa 1982. Lakini mtoto akiwa na biashara na pesa ikaingia kwa akaunti yake, KRA, wale watu wa ushuru, wanaweza kuichukulia kama mauzo, na kazi ya kuonyesha kwamba si mauzo ni ya mlipa ushuru, kwa hivyo ile karatasi itamfaa hapo pia. Ukimpa ploti badala ya pesa ni mambo mengine, kuna ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini na 2 mashambani, muone wakili.

Kitu kinaniuma zaidi ni mzazi anayepeana kile hana. Kwenye skimu nyingi za pensheni unapewa theluthi moja mkononi na iliyobaki inakuja kidogo kidogo kila mwezi, sasa ukiimaliza hiyo theluthi kwa mtoto mmoja hutaipata tena, na wewe una miaka 60, nani atakupa loni? Wengine wanachukua loni ya sacco wampe mtoto afungue biashara. Biashara ikilala, deni ni lako, si lake, na ukishindwa sacco inashika akiba yako kisha inaenda kwa wadhamini wako, ule mwenzako mlifanya kazi pamoja miaka ishirini anakatwa pesa yake juu ya kijana ambaye hamjui. Tafadhali, toa kwa akiba, usitoe kwa deni. Ukiona haitoshi mwambie ukweli, "mwanangu, nina laki moja, hiyo ndiyo naweza", na uishie hapo.

Kwa karatasi toa nakala tatu. Moja yako, moja ya aliyepewa, na ya tatu mpe mmoja wa wale ambao hawakupewa kitu, aisome ukiwepo, na kama ana neno akuambie wewe.