Kupogoa si kunyoa: maana ya umbo la asili la kichaka

Mpe mtu mkasi mrefu na kichaka cha maua, na mara nyingi atakinyoa. Atakizunguka akikata ncha zote kwa usawa mpaka kiwe mpira au sanduku, arudi nyuma hatua mbili, aridhike. Kupogoa kwa umbo la asili ni kazi nyingine kabisa. Hapa unaondoa matawi machache uliyoyachagua, moja moja, na kila moja unalifuata mpaka linapoanzia. Kichaka kinabaki na sura ya aina yake, ila kimepungua na kinapitisha mwanga.

Wajapani wanazitenganisha kazi hizi kwa majina: karikomi ni kunyoa, sukashi ni kupunguza matawi ili mwanga upenye.

Tofauti inaanzia kwenye ncha. Chipukizi la juu la tawi hutengeneza homoni iitwayo auksini, ambayo hushuka na kuyazuia macho ya chini, yaani vichipukizi vilivyolala, yasichipue. Ukikata ncha, macho yaliyo karibu na jeraha huamka kwa pamoja, na palipokuwa na tawi moja hutoka mawili, matatu au zaidi. Ndiyo maana kichaka kilichonyolewa hurudi kwa kinyozi upesi, kila mara kikiwa kizito zaidi kwa nje. Kipanue kwa mikono uone: juujuu majani mabichi, ndani giza na vijiti vikavu. Siku ukitaka kukipunguza sana, utafika kwenye vijiti hivyo, na mimea mingi ya jamii ya misonobari haichipui tena mahali pasipo na majani.

Basi anza na matawi yasiyo na ubishi: yaliyokauka, yenye ugonjwa, yanayosuguana. Halafu tafuta tawi refu kuliko yote, lile linalokukera. Usilikate pale linapokukera. Ingiza mkono, lifuate chini hadi linapokutana na tawi dogo linaloelekea nje, ukate hapo juu ya maungio. Tawi linalobaki liwe na unene usiopungua theluthi ya lile uliloondoa, la sivyo halitaweza kushika nafasi yake. Jeraha linajificha ndani ya majani. Kama tawi linatoka shinani, usiache kisiki wala usikwangue hadi gome la shina. Pale kwenye shingo, yaani tawi linapoungana na shina, kuna uvimbe mdogo, na mmea hufunika jeraha kuanzia hapo. Rangi ya kupaka haihitajiki.

Kisha simama, tazama, ndipo ukate tena. Mimi naona hatua hii ndiyo ngumu kuliko zote, maana mkasi ukishashikwa mkono unawasha. Kanuni ya tahadhari ni kutoondoa zaidi ya theluthi ya kichaka kwa mwaka. Kilichozeeka chenye mashina mengi kutoka ardhini kinaweza kufanywa upya kwa miaka 3: kila mwaka theluthi ya mashina makongwe inakatwa chini kabisa, na machanga yanachukua nafasi.

Wakati wa kukata unategemea maua. Yanayochanua kwenye matawi ya mwaka huohuo, kama haibiskasi, unayapogoa kabla ya ukuaji mpya kuanza. Yanayochanua kwenye matawi ya mwaka uliotangulia yapogolewe mara maua yanapoisha; ukichelewa, unakata maua ya mwaka ujao.

Umbo la asili, hata hivyo, halina maana ya kichaka kilichoachwa kijiotee. Mara nyingi kimekatwa kwa uangalifu zaidi kuliko ule mpira wa jirani. Na kunyoa nako kuna mahali pake: ua wa miti unaozunguka bustani unahitaji mstari. Huo unyoe, ila uache chini pawe papana kuliko juu, kwa sababu juu pakitanuka hufunika jua na majani ya chini hupukutika.